Kitengo cha Filamu Zilizosahaulika

Sheria ya nchi yetu inataka jina la nchi litamkwe na mtu aliyesimama, kwa sauti kubwa, mkono wa kulia ukiwa kifuani. Mimi naandika nimekaa, tena kimya kimya, na mkono wa kulia umeshika kalamu. Kwa hiyo mtanisamehe nisipolitaja. Mkiona inafanana na nchi mnayoijua, andikeni barua kwa Wizara ya Utulivu wa Sebuleni. Wao watawajibu kwamba haifanani.

Naitwa Hidaya Mkumbwa. Nilimaliza chuo mwaka jana, shahada ya sanaa, na nilifaulu vizuri. Siku niliyopata barua ya ajira nilimwambia mama kwamba nitakuwa nalipwa kwa kuwafurahisha watu, na mama akalia. Nilidhani ni furaha.

Acha nieleze kazi yenyewe ilivyozaliwa. Baada ya mambo ya Uwanjani, ambayo hayakutokea, Serikali iliamua kwamba kila mwananchi awe sebuleni kwake ifikapo saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa kwa faida yetu, maana nje kuna umande. Kila nyumba ikapewa king'amuzi cha Taifa, kisanduku cheusi chenye jicho dogo jekundu, ili tusikose cha kutazama. Ndani yake kulikuwa na filamu kumi na nne, zote za Mtukufu Mlezi akizindua visima. Katika filamu ya kumi na moja anazindua kisima alichokwisha kukizindua katika ya tatu, lakini amevaa kofia nyingine, kwa hiyo haichoshi.

Shida ni kwamba jicho la king'amuzi huhesabu macho ya watazamaji. Liliripoti kuwa asilimia sabini ya macho ya taifa hufumba kabla kisima hakijatoa maji. Waziri alihutubia taifa kwa saa mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtu anayesinzia saa moja jioni huota. Na anachoota, Serikali yenu haijakiona."

Akaagiza zitafutwe filamu za mapigano. Magari yapinduke, watu warushane madirishani. "Wapigane sana," alisema, "ila wasiwe na jambo wanalogombea." Tena zisiwe filamu maarufu, kwa sababu katika filamu maarufu kila mtu anajua tayari nani mwema na nani mwovu. Katika filamu iliyosahaulika, Wizara inaweza kuamua yenyewe.

Hivyo ndivyo kilivyoanzishwa Kitengo cha Filamu Zilizosahaulika, nami nikawa Mpendekezaji Daraja la Pili. Mpendekezaji Daraja la Kwanza alikuwepo kabla yangu. Alisafiri.

Katika nchi yetu watu husafiri sana. Kaka yangu Faraji alisafiri siku ileile ya mambo yasiyotokea. Tulipouliza, afisa mmoja mpole alituambia kwamba kaka amekwenda mahali pazuri na ataandika. Nilimwamini, na mpaka leo najitahidi kumwamini. Kinachonisumbua ni kwamba alisafiri bila viatu. Tulivikuta Uwanjani, kimoja huku, kimoja kule, kamba zimekatika. Mama alivisafisha akaviweka chini ya kitanda cha Faraji, na sasa ni miezi tisa. Nadhani safari yenyewe ilikuwa ya haraka.

*

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya tatu chenye makasha ya kanda na diski hadi darini. Zote zilinyang'anywa kwenye vibanda vya video mwaka ule vibanda vilipofungwa. Mkurugenzi wangu, Bwana Nzowa, alinipokea kwa heshima. Alikuwa na desturi ya kusoma jina lake mlangoni kila asubuhi kabla ya kuingia, kuhakikisha bado lipo.

"Binti Mkumbwa," alisema, "kazi yako ni kupendekeza. Sentensi tano kwa kila filamu, kisha sahihi. Baada ya hapo filamu inakwenda nyumba zote Alhamisi saa moja."

"Naanza kutazama ipi, Mkurugenzi?"

Bwana Nzowa alifunga mlango. Kisha akafunga dirisha.

"Kanuni ya Nne," alinong'ona. "Ni kosa kutazama filamu ambayo haijapendekezwa."

"Sasa nitapendekezaje kitu ambacho sijakitazama?"

"Kwa moyo mmoja," alisema. "Mtu akishatazama huishia kuwa na maoni. Yule wa kabla yako alitazama."

Aliyeniokoa ni mtunza makasha, Mzee Kassim Ngwali. Watu wa umri wa mama yangu wanamjua kwa jina la Makombora. Zamani alikaa kando ya televisheni kwenye kibanda chenye mabenchi, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watazamaji kwa lugha yetu kila kinachosemwa na wageni wale wenye bastola. Alifanya hivyo kwa filamu mia tisa. Wizara ilipovunja vibanda ilimchukua pamoja na makasha, kwa sababu kwenye orodha ya mali aliandikwa katikati ya jenereta na mabenchi.

"Shikamoo, Mzee Makombora. Hii inahusu nini?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikiwa nimeshika kasha lenye picha ya teksi inayoruka.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo? Keti."

Akavua ndala, akashika ufagio kama kipaza sauti, na filamu nzima ikatoka mdomoni mwake: honi, vioo, mbwa anayekoswakoswa, abiria anayetapika. Nilicheka mpaka Bwana Nzowa akaja kuuliza kama kicheko changu kimepata kibali. Jioni niliandika hivi:

*TEKSI ISIYO NA BREKI. Dakika tisini, na breki hazipo tangu ya kwanza. Abiria ana mkoba ambao haufunguliwi hadi mwisho, kwa hiyo msihangaike kujua kilichomo. Angalieni mzee muuza mayai anayetokea mara nne na kila mara anabakiwa na mayai machache zaidi. Hii ni filamu ambayo dunia iliipita bila kugeuka. Ninapendekeza kwa moyo mmoja, na lawama ni yangu.*

Hayo maneno ya mwisho yamechapishwa tayari kwenye fomu.

Alhamisi hiyo asilimia tisini na sita ya macho yalibaki wazi. Nilipewa cheti. Watu walinisimamisha dukani wakaniuliza wiki ijayo nini. Jamani, nilifurahi. Niliamini kwamba hata nchi yenye hofu inaweza kupewa saa moja na nusu ya kutoogopa, na kwamba mimi ndiye nimeagizwa kuipeleka.

Filamu ya pili ilikuwa *Mamba wa Ghorofa ya Saba*. Mamba anapanda lifti na kula wapangaji, nayo ni nzuri kuliko mnavyofikiri, hasa pale anapobonyeza kitufe kwa pua. Asubuhi yake waliitwa maafisa tisa kikaoni.

"Mamba ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

Kila mtu aliangalia mikono yake, kwa sababu kwenye ukuta nyuma ya mwenyekiti palikuwa na picha ya Mtukufu Mlezi akitabasamu, na hakuna aliyetaka kuonekana anailinganisha na kitu chochote. Baada ya saa tano likapitishwa azimio kwamba mamba ni raia wa kigeni. Bwana Nzowa alitoka kikaoni na shati limelowa.

"Tafadhali, binti," aliniambia, "filamu ijayo isiwe na mnyama."

*

Siku moja nikimsaidia Mzee Makombora kupanga makasha, nilimuuliza kwa nini katika filamu zake zote steringi, yaani yule shujaa, hafi.

Alicheka. "Alikufa mmoja tu. Filamu ya maharamia, mwanzo mwanzo nikiwa bado mgeni wa kazi. Nikasema, 'Jamani, steringi ndiyo kafa hivyo.' Walivunja mabenchi mawili na mlango. Kuanzia hapo nikaapa, kwenye kibanda changu steringi hafi. Akipigwa risasi nasema, 'Hajafa, jamani! Amezimia tu!' Nao kibanda kizima wanapiga kelele, 'Inuka! Inuka!'"

"Na wakimzika?"

"Nasema wanamficha adui asimwone."

"Na mke wake akilia?"

"Analia kwa furaha."

Nikasema, kwa kiburi kidogo cha chuo, kwamba basi aliwadanganya watu wajinga.

Mzee aliweka kasha chini. "Hawakuwa wajinga, mwanangu. Macho walikuwa nayo, na kaburi waliliona. Walikuwa wanakataa. Walichotaka ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti akatae pamoja nao."

Nilikuwa namfikiria yule afisa mpole na safari zake, na nikashangaa kwamba maneno yanaweza kufanana kiasi kile na bado yasiwe kitu kimoja.

Filamu ya tatu ilikuwa *Kinyozi wa Daraja la Chuma*. Haina mnyama. Mzee alinisimulia kwamba kinyozi mpole anamnyoa Gavana, wanakosana kuhusu masharubu, wanapigana dakika arobaini juu ya daraja, kinyozi anazimia, Gavana anajuta, mke na mama yake wanalia kwa furaha, na majirani wanatoa viti nje ili wafanye usafi. Niliandika kwamba ni filamu ya upatanisho na usafi. Nikasaini. Mzee wa watu alikuwa amesimulia hivyo kwa miaka ishirini, na nadhani alishasahau ipi ilikuwa filamu na ipi ilikuwa huruma yake.

Mimi sikuitazama Alhamisi ile. Ratiba ilikuwa imenipa tena zamu ya kuhesabu macho Wizarani, kama Alhamisi mbili zilizotangulia. Saa moja na nusu yalikuwa asilimia themanini. Saa mbili yalikuwa mia. Halafu kukatokea kitu ambacho mashine haikuwa na safu ya kukiandika. Macho yote yalikuwa wazi, lakini yalikuwa na maji.

*

Asubuhi, mbele ya kila mlango wa mtaa wetu, kulikuwa na kiti kimoja kitupu.

Nilimkuta mama anatoa chetu. Kilikuwa cha mbao, kile ambacho Faraji alikuwa anapenda kuegemea nacho ukutani mpaka mama anagomba. Alikifuta vumbi, akakiweka barazani, kikiangalia barabara.

"Mama, unafanya nini?"

"Wewe si ndiye uliyeipendekeza?"

Ndipo akanieleza mwisho wa filamu, ule uliosomeka kwenye maandishi ya lugha yetu ambayo king'amuzi huyaweka chenyewe chini ya picha. Kinyozi alikataa kumtajia Gavana ni nani kati ya wateja wake aliyesema vibaya juu ya Gavana. Aliuawa darajani. Gavana akatangaza kwamba kinyozi amesafiri. Kesho yake watu wa mji ule, bila kusema neno, kila nyumba iliyokuwa na msafiri ilitoa kiti nje.

Nilikaa, nikakumbuka nimekaa kwenye kiti gani, nikainuka haraka.

Serikali yetu ilikabili jambo hilo kwa utulivu. Hakuna sheria inayokataza kiti kukaa nje, kwa kuwa umande haudhuru kiti. Saa nne polisi waliamriwa kuvikalia ili visiwe vitupu. Polisi waliisha kabla ya mtaa wa tatu. Waliongezewa askari wa zimamoto, kisha bendi ya Taifa pamoja na matarumbeta yake, na bado viti vilibaki.

Saa nane Bwana Nzowa aliniita. Mzee Makombora alikuwa tayari amesimama pale, ndala mkononi, kama mtu aliyeingia msikitini. Mezani kulikuwa na fomu.

"Binti Mkumbwa," alisema Bwana Nzowa bila kuniangalia, "njia ni mbili. Ama uliitazama filamu, nalo ni kosa lako. Ama ulidanganywa, nalo ni kosa la mwingine. Andika."

"Mkurugenzi, Mzee hakudanganya, yeye ali..."

"Andika, mwanangu," alisema Mzee Makombora.

"Siwezi."

"Unaweza. Una mama mwenye kiti kimoja nje. Usimwongezee cha pili." Alisogea, akaishikilia karatasi kwa viganja viwili isiteleze, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaipeleka huku na huku. "Shika kalamu chini kidogo. Hapo. Sasa haitetemeki sana."

Nilisaini. Ningependa kuwaeleza kwamba niliipasua fomu ile na kuitupa dirishani, maana hivyo ndivyo steringi angefanya. Nilisaini, na herufi zilitoka nzuri.

Jumamosi nilikuta miwani ya Mzee Makombora juu ya kasha la ile filamu ya maharamia.

"Mzee amesafiri," alisema Bwana Nzowa.

"Ameacha miwani."

"Huko alikokwenda," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "kunaonekana vizuri bila miwani." Kisha akatoka kwenda kusoma jina lake mlangoni.

*

Wizara haikuweza kuifuta filamu, kwani kuifuta ni kukiri kwamba ina kitu ndani. Ikaamuliwa irudiwe Alhamisi iliyofuata, maandishi yaondolewe, na sauti ya mtu ieleze maana iliyo sahihi, kama ilivyokuwa vibandani. Mwenye ujuzi huo alikuwa amesafiri. Ndani ya jengo zima, mtu pekee aliyewahi kumsikia akifanya kazi ni mimi.

Maneno yaliletwa kutoka juu yakiwa na mhuri. Nilisoma mara tatu. Kwa miezi tisa nchi yetu haikuwa na mtu aliyekufa, lakini sasa Wizara ilitaka mmoja afe kabisa. *Kinyozi amekufa,* yalisema. *Amekufa kwa ukaidi wake. Tazameni, hapumui. Hakuna wa kumsubiri. Ingizeni viti ndani.*

Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa na kipaza sauti, taa nyekundu na dirisha linaloangalia majengo ya wapangaji ng'ambo ya barabara. Filamu ilikuwa haijapendekezwa upya, kwa hiyo Kanuni ya Nne ilikuwa inanihusu bado. Niliwekewa kiti nikiipa skrini mgongo. Bwana Nzowa alisimama nyuma yangu ili anigonge begani: mara moja wakiongea, mara mbili wakipigana.

"Na wewe Mkurugenzi, huitazami?" niliuliza.

"Mimi sitazami," alisema, jasho likimtiririka. "Nagonga tu."

Saa moja kamili taa iliwaka. Nilisoma vizuri. Begani nikagongwa mara mbili mbili mpaka pakauma. Yalikuwa yale mapigano ya darajani. Kisha kugongwa kukakoma. Nilisubiri. Nyuma yangu palikuwa na sauti ya maji na upepo. Bwana Nzowa hakunigonga tena. Nilisikia anapumua kwa shida, na nikajua kwamba naye ana mtu wake aliyesafiri.

Nikageuka.

Ilikuwa filamu ya kwanza kuitazama tangu niajiriwe kupendekeza filamu. Kinyozi alikuwa amelala juu ya daraja, kifudifudi, aproni yake inapepea. Hakuwa na viatu.

Karatasi yenye mhuri ilikuwa mkononi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliogopa hadi meno yakagongana, na kipaza sauti kiliyachukua meno yale kikayapeleka kwenye kila sebule ya nchi. Baada ya hayo, hata kama ningesoma kila neno la Wizara, kila mtu alishasikia. Nikaiweka karatasi chini.

"Hajafa, jamani," nilisema. "Amezimia tu."

Bwana Nzowa alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Wale wa kwenye filamu walikuwa wanachimba.

"Wanamficha," nilisema, "adui asimwone. Na yule ni mama yake. Analia kwa furaha. Na viti vile vya nje, jamani, si vya usafi. Viacheni hapohapo. Wenye viti watakuwa wamechoka wakirudi."

Ng'ambo ya barabara, kutoka dirisha moja la ghorofa ya nne, mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda, aliita:

"Inuka!"

Likajibu dirisha la pili, kisha la tano, kisha sikuweza kuhesabu. Walikuwa sebuleni kwao, walikuwa wamekaa, macho yao yalikuwa kwenye king'amuzi kama ilivyoagizwa. Hawakuvunja sheria hata moja. Waliita tu, mtaa mzima, "Inuka! Inuka!" mpaka taa nyekundu ikazimwa.

Bwana Nzowa alikaa chini sakafuni. "Sikuona kitu," alisema. "Nikiripoti ulichosema itabidi niseme nilijua filamu imefika wapi. Sikuona kitu, binti. Nenda nyumbani."

*

Leo ni Ijumaa asubuhi. Redio imesema kwamba jana macho yalikuwa asilimia mia, na kwamba kwa mujibu wa kanuni kiwango hicho kinastahili cheti cha dhahabu. Haikutaja mengine.

Mama ametoa kiti cha pili barazani. Nilimwambia, "Mama, mimi bado nipo." Akasema anajua, hicho ni cha Mzee Makombora, na kwamba ameweka na mto kwa sababu ya umri wake. Miwani yake nimeiweka juu ya mto.

Kwa Alhamisi ijayo napendekeza filamu yoyote mtakayoletewa. Tazameni pamoja, na ikifika mahali steringi ameanguka na hakuna wa kusema, semeni ninyi.

Gari limesimama nje. Nasikia milango miwili inafungwa, na sasa hatua kwenye ngazi za baraza. Huenda wameleta cheti. Hata hivyo nimevaa viatu, na kamba nimezifunga mara mbili.